Mlango wa Bohari Nilioutia Gundi

Kabla hujaniuliza, nakujibu: sikuwa nimelewa. Pombe niliacha mwaka niliooa. Sikuwa na malaria, sikuwa na njaa, na macho yangu mpaka leo yanaona mstari wa penseli bila miwani. Niliyoyaona niliyaona siku ya Jumapili, saa nane mchana, jua limewaka, ndani ya karakana yangu mwenyewe hapa Masasi. Watu wakisimulia mambo ya namna hii hupenda kuweka giza na bundi. Mimi sina bundi. Ukitaka bundi, katafute msimulizi mwingine.

Mimi ni seremala. Vitanda, milango, madawati ya shule, na majeneza pia, maana watu hawaachi kufa. Kazi nilijifunza Ndanda, kwenye karakana za misheni, kwa bruda mmoja Mjerumani aliyekuwa mkali wa vipimo. Alipozeeka na kurudishwa kwao aliniachia sanduku la majarida. Nilidhani ni ya dini. Kumbe yalikuwa ya watu wazima wa Ulaya na Marekani wanaopenda treni ndogo za mezani, ya zamani kabisa, karatasi imekwisha kuwa ya kahawia, na ndani mna michoro ya kujenga stesheni, matangi ya maji, vibanda vya walinzi na mabohari ya mizigo, vyote kwa kipimo cha moja kwa arobaini na nane. Maana yake mtu wa futi sita anakuwa wa inchi moja na nusu, na nyumba yake inapungua vivyo hivyo.

Unacheka? Walicheka wengi kabla yako. Lakini mimi kitu kile kilinishika. Jioni, baada ya kazi za watu, nilifanya yangu. Kuta nilikata kwa wembe kutoka kwenye kadibodi za maboksi ya sabuni, nikazivika njiti za kiberiti moja moja kama mbao. Bati la migongo nililipata kwa kuikandamiza karatasi ya fedha ya pakiti za sigara juu ya spoki za baiskeli zilizopangwa sambamba. Nyumba zote kwenye michoro ile zilikuwa na bomba la moshi juu na mapaa yaliyosimama ili theluji iteleze, nami nikazijenga hivyo hivyo, hapa hapa Masasi, kwa kuwa mchoro ulisema. Majirani waliniita fundi wa nyumba za panya.

Jambo moja ulishike, maana ndilo lililoniponza. Katika michoro ile milango haifunguki. Mlango ni kipande cha kadibodi. Unakichora mbao zake, unakikata, unakitia gundi, unakibandika ukutani, basi. Nilijenga nyumba thelathini na kitu, na hakuna hata moja ambayo mtu angeweza kuingia au kutoka.

Sasa, huku kwetu palikuwa na reli. Vijana hawaamini, wanadhani tunawatania. Iling'olewa kabla sijazaliwa, vyuma vikapelekwa kwingine, likabaki tuta ambalo watu wamelipanda mihogo na mikorosho. Babu yangu mzaa mama alikuwa mlinzi wa bohari kwenye stesheni moja ndogo ya reli hiyo. Nyumbani kwetu babu alisimuliwa kwa heshima zote: mzee wa kanisa, mshika funguo, hakuiba hata punje ya karanga, na katika miaka yake yote lilipotea gunia moja tu la karanga. Na hilo moja liliibwa na kibarua mmoja wa Newala aliyetoroka nalo akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Hadithi hiyo nimeisikia tangu sijajua kutembea.

Siku moja akaja afisa utamaduni, mama mmoja mwenyeji wa Bukoba aliyehamishiwa huku. Alikuja kuagiza rafu za vitabu, akaziona nyumba zangu dirishani. Akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Fundi, theluji huku kwenu huwa inaanguka mwezi gani?" Nikaona haya. Akasema, "Nijengee stesheni ya hapa, ile ya reli yenu. Tutaiweka kwenye chumba cha kumbukumbu, watoto wa shule waje waione." Niamini, nilikuwa sijawahi kusikia mtu akiitaka kazi yangu ile. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha, mtu mzima mimi.

Picha za stesheni hazikuwepo. Nikachukua kwenye majarida mchoro wa bohari la mizigo, nikaondoa bomba la moshi, nikalaza paa kidogo. Mengine nilimwuliza mama, ambaye amekaribia themanini na anaishi kwangu. Alikulia pale pale stesheni. Akanieleza tangi la maji lilivyosimama, benchi la abiria, dirisha la karani. Nilipofika kwenye bohari akasema, "Bohari ni bohari tu, Baba Anjela. Niletee maji ya kunywa." Mara ya pili vivyo hivyo, akataka maji. Nikasema huo ni uzee.

Basi, Jumapili ile tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula, mama amejilaza. Nikaingia karakanani kumalizia bohari. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama, umebaki mlango tu, nami nilikuwa nimeushika kwa kibanio naupiga msasa pembeni. Nikahisi mtu yupo. Hatua sikusikia, na mlango wa karakana yangu unalia kiasi kwamba hata mtaa wa pili wanajua nimeingia.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi. Kaptura ya kaki iliyopauka, miguu peku, mikono ameiweka nyuma. Usoni alikuwa na chale, zile za Wamakonde wa zamani, mashavuni na kwenye paji. Nikajiuliza, kijana wa siku hizi chale amezipata wapi? Nikasema labda ni wa vikundi vya ngoma, wale wanaojipaka masizi kwa ajili ya wageni. Nikangoja shikamoo yangu. Nina miaka hamsini na saba, mvi zinaonekana. Shikamoo haikuja.

"Kijana, kwenu hawaamkii?" nikamwuliza.

"Wa kutoa shikamoo hapa ni wewe," akasema.

Nilikasirika. "Kwa umri gani ulio nao?"

"Wewe si Mmakua wa hapa chini? Mimi natoka juu, Newala, kule Mnyambe. Sisi watani. Tuziache shikamoo."

Hapo nikalegea. Mambo haya unayajua, sina haja ya kukufundisha. Mtani anaweza kuingia kwako bila hodi, akatukana ukoo wako mpaka jiwe la msingi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Una ruhusa moja tu, ya kumjibu kwa kali zaidi. Nikamwambia akae. Hakukaa. Aliinama akalitazama bohari.

"Paa umelikosea," akasema. "Lilikuwa chini zaidi. Ukisimama juu ya magunia, kichwa kinagusa bati, na bati linaunguza. Na mlango ulifungukia nje. Komeo nje. Kwa ndani hapakuwa na pa kushika."

"Umejuaje?"

"Nilikaa humo."

"Lini? Reli imeng'olewa mama yako hajazaliwa!"

"Babu yako alinifungia," akasema. "Ilikuwa Alhamisi, kesho yake Ijumaa Kuu. Tulishusha mizigo tangu alfajiri, nikajilaza nyuma ya magunia nipumzike. Akafunga, akapiga muhuri, akaenda zake kanisani. Akafungua Jumanne."

Niambie, wewe ungefanya nini? Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka kibanio kikaniponyoka. Nilidhani kijana amesikia mahali hadithi ya gunia letu na sasa amekuja kunitania kwa kuigeuza, na nikaona huo ni utani wa kiwango cha juu, wa watu wazima. Nikamjibu, "Kumbe ndiwe uliyekula gunia letu! Tumekutafuta mpaka Msumbiji! Ninyi Wamakonde panya mnawamaliza, sasa mmehamia kwenye karanga?"

Hakucheka. Hilo tu lilipaswa kunitosha, kwa maana mtani asiyecheka huyo si mtani tena. Akasema, "Sikuzila. Mdomo ulikuwa mkavu, sikuweza kutafuna."

Nikacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi.

"Mtani," akasema, "nakuomba kitu. Nifanyie mlango unaofunguka. Mdogo tu, huo huo wa inchi mbili, mtu wako aweze kutoka."

Nikuambie ukweli wote, maana nimeamua kukuambia. Si utani peke yake uliosema ndani yangu. Maneno ya babu kufungia mtu yaliniuma. Na mlango wa kufunguka ulikuwa na maana ya kuubomoa ukuta mzima wa mbele, siku tatu za njiti moja moja, na Jumatano mama wa Bukoba angekuja kuuchukua mzigo wake. Uvivu na hasira, vyote viwili, nikavifunika kwa kicheko. Nikachukua gundi ya mbao, nikaipaka kwenye ukingo wote wa mlango, pande zote nne, nikaubandika mbele ya macho yake. Nikaukandamiza kwa kidole gumba nikihesabu mpaka sitini, kama bruda alivyonifundisha.

"Mwizi wa karanga," nikamwambia, "kaa humo humo."

Akainama akautazama mlango. Kisha akauliza taratibu, "Umesema wewe?"

"Nimesema mimi, mjukuu wa mwenye funguo."

"Haya. Mtani hakasiriki."

Akaileta mikono yake mbele, akaiweka juu ya meza karibu na bohari. Vidole havikuwa na kucha. Hata kimoja. Ncha zilikuwa zimelika, nyeusi, kama za mtu aliyechimba ardhi ngumu bila jembe. Niliinua macho nimtazame uso, na hapakuwa na uso wala mtu. Mlango wa karakana haukulia. Sakafuni palikuwa na maranda ya tangu Jumamosi, sijafagia, na alama za miguu zilizokuwepo ni za kandambili zangu mimi tu.

Halafu nikasikia kugonga. Ndani ya bohari. Ko, ko, ko, sauti ndogo, kiasi cha kunde ndani ya kopo. Nilikuwa nimeinamia kabisa, sikio kwenye kadibodi. Na ndani yake hapakuwa na mende, hapakuwa na panya, nilikuwa nimelipiga gundi mwenyewe pande zote.

Nikakimbilia chumbani kwa mama. Nilimwamsha, nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza: chale, kaptura ya kaki, Mnyambe, paa linalounguza. Nilipofika kwenye mlango akaniuliza, "Ukamjibuje?"

Nikamwambia nilivyomjibu.

Mama akavuta kanga akajifunika uso. "Hayo hayo," akasema ndani ya kanga. "Neno kwa neno. Ndivyo alivyosema baba."

Hapo ndipo nilipopata habari ambayo mama aliibeba tangu akiwa na miaka tisa. Jumamosi ile ya Pasaka alitumwa kuteka maji kwenye tangi la stesheni. Akasikia kugonga ndani ya bohari. Akaenda kumwita baba yake. Babu akaja, na watu wawili watatu wakiwa nyuma yake, na sauti ndani ikaita, "Mtani, nifungulie!" Babu hakuweza kuukata muhuri bila karani, na karani alikwenda kula sikukuu Lindi. Angeukata, angepoteza kazi. Tena alidhani kijana aliingia kuiba, naye akaona acha akae kidogo apate adabu, mpaka karani arudi. Kwa hiyo akajibu kiutani, mbele za watu: Mwizi wa karanga, kaa humo humo. Watu wakacheka, wakaondoka.

"Nilirudi peke yangu na kata ya maji," mama akasema. "Nikayamwaga chini ya mlango. Yaliingia kidogo, mengine yalinywewa na vumbi. Nilimsikia akilamba chini. Jumapili baada ya ibada nikaenda tena. Hakugonga."

Karani alirudi Jumanne. Walimzika usiku nyuma ya tangi, karani na babu peke yao, bila mtu wa kwao hata mmoja. Kwenye daftari wakaandika kwamba kibarua ametoroka na gunia. Na ili daftari liwe kweli, ilibidi gunia lipotee.

"Lilikwenda wapi?" nikauliza.

"Karanga zile tulizila sisi, Baba Anjela," mama akasema. "Zilitutosha mpaka mvua za mwaka uliofuata."

Nikarudi karakanani na wembe. Nikaukata mlango. Gundi nzuri ya mbao haiachii, kwa hiyo uling'oka na ukuta, nikabomoa upande wote wa mbele, njiti zikatapakaa mezani. Ndani hapakuwa na kitu. Kesho yake, saa nane mchana, kugonga kukaanza kwenye nyumba nyingine, ile yenye bomba la moshi. Nikaikata mlango. Siku iliyofuata nyingine. Kwa mwezi mmoja na kitu nikazikata zote, thelathini na kitu, milango yote wazi kama midomo, na kugonga hakujakoma. Sasa kunatoka kwenye makabati ya wateja. Mara mbili kumetoka kwenye jeneza ambalo lilikuwa bado halina mtu.

Nikaelewa kwamba kadibodi haikuwa inadaiwa kitu. Aliyefungiwa alikuwa na kwao, na kwao walikuwa wanamjua kuwa ni mwizi. Mama alinitajia jina lake. Nikamwambia nakwenda Mnyambe kuwaambia ndugu zake. Mama akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

"Ningoje nife kwanza," akasema. "Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Baba amezikwa karibu na madhabahu. Sina siku nyingi, mwanangu. Niache nizikwe jina la baba likiwa bado safi, kisha useme unachotaka."

Nikaapa. Mama yako akikushika mkono hivyo na wewe utaapa.

Hata hivyo nilipanda. Nilijidanganya kwamba nakwenda kuangalia tu kama wapo. Nilipanda kilima cha Newala, nikafika Mnyambe, nikaulizia ukoo, nikaonyeshwa bibi mmoja anayemenya mihogo mlangoni, macho yake yote mawili yameingia ukungu. Alikuwa dada mdogo wa yule kijana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri, akanipa kigoda. Nikazunguka zunguka na maneno mpaka nikamwuliza kama hakuwa na kaka aliyefanya kazi kwenye reli.

Akatema mate pembeni. "Mwizi yule? Alitukimbia na gunia la watu. Mama yetu alimngoja mpaka akachoka, akafa akimlaani. Jina lake kwetu halipewi mtoto."

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua mdomo. Kisha nikasema nilikuwa natafuta mtu wa kuniuzia mbao za mninga, nikaaga, nikashuka. Hiyo ndiyo aibu yangu, na haihusiani na babu wala mama. Ni ya kwangu mwenyewe.

Baada ya hapo nikawa naishi na vikongwe wawili kichwani, mmoja juu Mnyambe na mmoja chumba cha pili. Nilikuwa nikimwombea yule wa Mnyambe apate nguvu. Na asubuhi, nikimpelekea mama uji, nikimwamkia, akiitikia, kuna siku moyo ulishuka kwa kuona kwamba ameamka. Unisikie vizuri: nilimngoja mama yangu afe. Sema unavyotaka. Mimi mwenyewe nimeshajisemea yote.

Msimu wa korosho uliopita habari zikashuka kwamba bibi wa Mnyambe amefariki. Mama bado yupo.

Nilikwenda mazikoni. Sikumuaga mama. Niliwaambia wenye msiba kwamba mimi ni Mmakua wa Masasi, mtani, nimekuja kufanya kazi yangu, wakanipokea kwa furaha. Unajua mazishi yenye watani yalivyo. Mmoja alikuwa amelala katikati ya njia anasema jeneza halipiti mpaka apewe kuku. Mwingine amevaa kanga ya marehemu, anatembea akipapasa kama kipofu, anamenya mihogo hewani, na watoto wa marehemu wanalia na kucheka pamoja. Nilingoja mpaka tumefika kaburini. Nikasimama juu ya udongo.

Nikalitaja jina lake. Kwa sauti, lile lisilopewa mtoto. Wakanyamaza wote. Nikasema huyu hakuiba. Nikasema babu yangu, Mmakua, mzee wa kanisa, alimfungia ndani ya bohari siku tano kwa kuogopa kuukata muhuri, na akamwambia kaa humo humo, na akafa kwa kiu, na wakamzika nyuma ya tangi, na gunia tulilila sisi mpaka mvua zikaja.

Ukimya ule sijausahau. Nilidhani umewaingia.

Kisha yule aliyevaa kanga ya marehemu akapiga kofi, akapasua kicheko, na makaburini pote wakaangua. Kina mama waliinama wakishika mbavu. "Mmakua huyu kiboko!" Mtu akanimwagia unga kichwani. Nikapiga kelele, "Si utani! Jamani, si utani!" Wakazidi. Kwani kuna mtani gani ambaye hasemi hivyo? Nililia machozi ya kweli, unga ukageuka uji usoni, na watoto wakanionyesha vidole. Mzee mmoja wa ukoo akanishika bega, anajifuta macho, akasema, "Asante, mtani. Tulikuwa tumeelemewa. Umetupunguzia." Na wakamfukia dada wa yule kijana.

Nimerudi tena mara mbili. Sasa wakiniona wanaanza kucheka kabla sijafika uani, wananiita Mwenye Funguo. Kijana mmoja amenirekodi kwenye simu.

Stesheni ipo kwenye chumba cha kumbukumbu, imebaki tangi, benchi na dirisha la karani. Bohari sikulijenga tena. Mama wa Bukoba ameniuliza mbona pale kando ya reli pako wazi, nikamwambia mchoro ulikuwa umechanika. Majarida nimeyachoma. Mama siku hizi hasikii, hata kengele ya kanisa haisikii, lakini ikifika saa nane mchana anageuza uso kuelekea karakana, na anaomba maji.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Mtu akigonga, fungua kwanza. Kama ni mwizi, utampiga baadaye, kama ni mtani, utacheka baadaye, muda upo. Na mtani akikuomba kitu bila kucheka, mpe, usimjibu.

Jina lake ninalo. Nataka nikuambie wewe, kwa kuwa hunijui, na huenda ukawa na ndugu au rafiki kule juu ambaye atakusikiliza wewe. Lakini nikikutajia, usicheke. Niahidi kwanza.